Je, Sheria Inakuruhusu Kununua Bunduki? Namna ya Kujichunguza Kabla ya Kupeleka Maombi

Mwenye duka la jumla pale Eastleigh, baada ya kuporwa mauzo ya siku nzima akielekea nyumbani, alinijia na swali moja tu: bastola inauzwa pesa ngapi? Nilimwambia kwamba bei ndiyo swali la mwisho kabisa, na kwamba anayeanza nalo huishia mara nyingi mikononi mwa watu wasiofaa. Swali la kwanza ni kama yeye mwenyewe, kwa jinsi alivyo, anakoishi na anavyoishi, ni mtu ambaye sheria ya Kenya inaweza kumkabidhi silaha. Tuliketi na daftari tukapitia jambo hilo hatua kwa hatua, na ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyapitia, kwa ajili ya mkazi yeyote wa Nairobi mwenye haja kama yake.

Jambo la kufahamu mwanzoni ni kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010 haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaanza kwa katazo: ni kosa kununua, kupokea au kuwa na bunduki au risasi bila cheti cha silaha, na cheti hicho hutangulia ununuzi. Hakuna mlango wa kununua kwanza na kuhalalisha baadaye. Anayetoa cheti ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, ambayo iliundwa kupitia marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014, na ambamo polisi, idara ya ujasusi, Huduma ya Wanyamapori na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wana wawakilishi wao. Kwa hiyo kustahiki si jambo unaloweza kujitangazia mwenyewe kwa kuwa umetimiza orodha fulani. Unachoweza kufanya ni kujipima kwa vipimo vilevile ambavyo bodi itakupima navyo, ili usipoteze pesa na miezi ukifuata kitu ambacho hutapewa.

Vipimo hivyo viko katika kifungu cha 5. Mwombaji awe na sababu nzuri ya kutaka silaha, na iwe kwamba anaweza kuwa nayo bila kuhatarisha usalama wa umma wala amani. Kifungu hichohicho kinafunga mlango kwa mtu aliyekatazwa na sheria kuwa na silaha, kwa mlevi, kwa mtu asiye na akili timamu, na kwa yeyote ambaye, kwa sababu yoyote ile, hafai kuaminiwa na bunduki. Maneno hayo ya mwisho ni mapana kwa makusudi, na nakusihi uyasome mara mbili.

Anza na sababu, kwa maana hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Hofu peke yake haitoshi. Nairobi nzima ina hofu saa mbili za usiku, na kama hofu ingekuwa sababu, kila abiria wa matatu angekuwa na bastola kiunoni. Sababu inayosimama ni ile inayokuhusu wewe hasa na inayoweza kuonyeshwa kwa karatasi. Yule mwenye duka tulimwambia alete nambari za OB, yaani za kitabu cha matukio cha polisi, za visa alivyoripoti kituoni, kibali cha biashara cha kaunti, taarifa za benki zinazoonyesha kiasi cha pesa kinachopita mikononi mwake, na ushahidi kwamba analipa kodi. Alikuwa ameporwa mara tatu, lakini aliripoti mara moja tu. Mara mbili nyingine, kwa maelezo yake mwenyewe, aliona kwenda kituoni ni kupoteza muda. Ni vigumu kumshawishi afisa kwamba maisha yako yamo hatarini ilhali kitabu cha matukio hakijui lolote kuhusu hatari hiyo. Kama umewahi kutishwa au kuvamiwa, ripoti leo, hata kama hujaamua lolote kuhusu silaha, na uiandike nambari ya OB mahali usipoweza kuipoteza.

Mchezo wa kulenga shabaha nao ni sababu inayojulikana, ila lazima uwe mchezaji kweli, si mtu aliyejisajili wiki iliyopita. Nenda kwenye uwanja wa kulengea, kama ule wa Kirigiti kule Kiambu, ukafunzwe chini ya usimamizi, na utagundua mapema kama mkono wako na moyo wako vinaikubali kazi hiyo. Mkulima anayepakana na mbuga anaweza kuwa na sababu pia. Lakini asikudanganye mtu kuhusu uwindaji: kuwinda wanyamapori kwa burudani kulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na ukiandika hilo kwenye maombi yako utakuwa umejieleza kama mtu anayepanga kuvunja sheria nyingine.

Chunguza pia kama sababu yako inaweza kuondolewa kwa njia nyingine, kwa kuwa afisa anayekuhoji anaweza kukuuliza hilo. Mwenye duka wetu alikuwa bado anabeba noti kwenye mfuko wa plastiki, saa ileile kila jioni, kupitia njia ileile. Alipoanza kupokea malipo mengi kwa simu na kupeleka benki mara mbili kwa siku, nusu ya hoja yake ilimtoka mkononi. Mimi nilifurahi, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba bunduki humvutia mwizi vilevile inavyomtisha: wako majambazi wanaomfuata mtu kwa kuwa wamejua anayo, wakiitaka yenyewe kuliko hata pesa zake.

Kipimo cha pili ni tabia, na hapa unahitaji kujiambia ukweli ambao pengine hujawahi kumwambia mtu. Je, unakunywa pombe kiasi cha kusahau ulivyofika nyumbani? Je, umewahi kumpiga mkeo au mumeo, au kuitwa kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi? Je, una ugomvi wa shamba na ndugu zako ambao umefikia vitisho? Maombi yako yatapitia kwa polisi wa eneo unakoishi, na polisi hao wanaweza kumwuliza chifu, mzee wa mtaa na majirani wa Nyumba Kumi, ule mpango wa ulinzi wa mtaani. Watu hawa wanakujua kuliko karatasi zako zinavyokujua. Risasi ambazo zimekuwa zikifyatuliwa katika vilabu vya usiku na kwenye ugomvi wa barabarani hapa jijini, nyingine kutoka kwa watu wenye vyeti halali, ndizo zinazowafanya maafisa wasilichukulie neno "ulevi" kwa mzaha.

Afya ya akili isikutie aibu wala usiifiche. Mtu aliyetibiwa sonona akapona ana maelezo ya kutoa, na daktari wake anaweza kuyaandika. Mtu anayeficha ana kosa jingine linalomsubiri, maana kutoa taarifa za uongo ili upate cheti ni kosa la jinai. Na kama siku hizi kuna usiku unaojikuta ukifikiria kuyakatisha maisha yako, tafadhali liache kabisa jambo hili la silaha, umwambie mtu wako wa karibu leo hii, kisha umwone daktari. Bunduki ndani ya nyumba yenye mawazo hayo haimpi mtu nafasi ya kubadilisha nia.

Baada ya hapo angalia kumbukumbu zako za jinai, na hili unaweza kulifanya wewe mwenyewe kabla ya kupeleka maombi yoyote. Cheti cha tabia njema cha polisi huombwa kupitia tovuti ya eCitizen. Ukishalipa ada, unachapisha stakabadhi pamoja na fomu ya alama za vidole inayoitwa C24, kisha unakwenda kuchukuliwa alama hizo kwenye makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, Barabara ya Kiambu, au katika Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, iliyoko GPO (posta kuu) katikati ya jiji. Beba kitambulisho chako halisi. Anayefanya kazi ya mikono aniruhusu neno moja: saruji, sabuni kali na mawe ya kuchonga hulainisha ngozi ya vidole mpaka mistari ikafifia, na wino ukigusa karatasi unaacha doa jeusi lisilosomeka. Nimemwona fundi wa ujenzi akirudishwa kwa sababu hiyo. Alipaka mafuta ya kujipaka kila usiku kwa wiki mbili bila kushika saruji, na aliporudi, mistari ilionekana vizuri, hata ile ya kidole gumba cha kulia iliyokuwa imesumbua zaidi.

Ikiwa uliwahi kushtakiwa na ukaachiliwa, au kesi ikaondolewa, usidhani rekodi ilijifuta yenyewe. Nenda kwenye masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi hiyo, iwe ya Makadara, Kibera au Milimani, uombe nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, kisha uipeleke DCI ili kumbukumbu zako zirekebishwe. Ikiwa ulihukumiwa, hasa kwa wizi wa mabavu, shambulio au dawa za kulevya, usitumie hata shilingi moja kabla ya kuzungumza na wakili. Hakikisha vilevile kwamba majina yako yanafanana herufi kwa herufi kwenye kitambulisho, PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na akaunti ya benki. Hitilafu ndogo ya jina, ambayo kwingine hakuna anayeijali, hapa huzua shaka kwamba ni watu wawili.

Mahali pa kuiweka silaha ni suala fupi. Unahitaji sefu ya chuma iliyofungwa ukutani au sakafuni, na ufunguo au nambari za siri unazozijua wewe peke yako. Anayeishi katika chumba kimoja na watoto wanne ajiulize sefu hiyo itakaa wapi.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni urithi: cheti hutolewa kwa mtu kwa jina lake, hakirithiwi pamoja na ng'ombe na shamba. Marehemu baba akiwa ameacha bunduki, hata kama alikuwa nayo kihalali kwa miaka thelathini, mtoto anayeiweka chini ya kitanda yumo kosani. Ipelekwe kituo cha polisi na iandikwe, ndipo mtoto aombe cheti chake mwenyewe akitaka. La pili ni aina ya silaha. Bunduki za kivita kama AK 47, G3 na MP5 zimetajwa katika kifungu cha 4A, na anayekutwa nazo bila idhini anaweza kufungwa maisha. Wala usikimbilie bastola bandia ukidhani iko nje ya sheria, kwa kuwa sheria hiyohiyo inazungumzia pia silaha za kuigiza.

Sasa madalali. Jirani yangu mmoja alikutana hotelini na mtu aliyevaa suti nzuri, akaahidiwa cheti ndani ya wiki mbili bila kuhojiwa, akatoa akiba ya ada ya shule. Alipewa kadi iliyochapishwa vizuri, yenye picha yake na muhuri. Ilikuwa ya kughushi. Lau angeiamini na kununua risasi kwa kadi ile, angekuwa mbele ya hakimu akijieleza kama mhalifu. Tangu Desemba 2018, serikali ilipoamuru kila raia mwenye bunduki ahakikiwe upya, vyeti vya zamani vilianza kubadilishwa kwa kadi za kielektroniki, na za kughushi hugundulika. Fomu na ada ziulizwe katika bodi yenyewe au kwa mkuu wa polisi wa eneo lako, na kila malipo yawe na stakabadhi ya serikali.

Ukinyimwa cheti, usiondoke kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 vinakupa haki ya kuandikiwa sababu pale uamuzi unapokuathiri, na ukizipata kwa maandishi, wakili anaweza kukueleza kama kuna rufaa ya maana au kama kasoro ni ya kurekebishwa. Weka nakala ya kila karatasi uliyopeleka, pamoja na tarehe na jina la ofisi iliyoipokea.

Ukikubaliwa, soma cheti kabla hujatoka ofisini. Kitataja aina ya silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja, na kina muda wake wa kwisha, baada ya hapo huna budi kukihuisha. Nenda kwa mwuzaji aliyesajiliwa pekee, na atakapokuwekea bastola mezani ikiwa tupu, iinamie chini ya taa usome nambari iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu moja baada ya nyingine, ukiilinganisha na ile anayoiandika kwenye kumbukumbu za mauzo na kwenye hati zako. Tarakimu moja ikitofautiana, iache hapo hapo mezani, usilipe, mpaka bodi iwe imeeleza tofauti hiyo inatoka wapi.