Mitandao imeungana, simu haisomi: usitupe laini kabla ya kufanya haya

Wiki iliyopita nilikuwa Muheza kwa shangazi. Nilipomaliza tu kumwamkia akanikabidhi simu yake. "Mwanangu, tangu watangaze mitandao imeungana, hii imekuwa pambo. Inaandika simu za dharura tu, na wanaonipigia wanaambiwa sipatikani." Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia laini imekufa, anunue nyingine. Namba hiyo anayo miaka mingi, wanachama wote wa kikoba chake wanaijua, na pesa zake zimo humo.

Laini ilikuwa nzima. Ila kugundua tatizo kulinichukua tangu baada ya adhuhuri mpaka karibu na magharibi, ndiyo maana naandika hatua zote hapa.

Kwanza uelewe kinachotokea kampuni za simu zikiungana. Si jambo geni kwetu: Airtel iliichukua Warid ya Uganda mwaka 2013, mwaka 2014 wateja wa mtandao wa yu wa Kenya wakaenda Airtel na miundombinu ikaenda Safaricom, mwaka 2015 Tigo ikanunua sehemu kubwa ya Zantel, na mwaka 2018 Airtel na Tigo za Rwanda zikawa kitu kimoja. Mara nyingi kazi ni zilezile. Minara iliyokaribiana hupunguzwa, masafa ya mawimbi hupangwa upya, na laini za upande mmoja huruhusiwa kutumia minara ya upande wa pili. Kazi hii ya tatu ndiyo iliyomkwamisha shangazi.

Hatua ya 1: Jua kama ni wewe au ni eneo zima

Muulize jirani mwenye laini ya mtandao huohuo. Kama naye hapati, mnara una shughuli. Toa taarifa huduma kwa wateja (kwa Tanzania piga 100) na usiguse chochote kwenye simu yako.

Hatua ya 2: Hamisha laini kwenye simu nyingine

Mimi hutembea na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kwa kazi hii tu. Laini ikisoma kwenye kitochi, tatizo liko kwenye simu yako. Isiposoma hata huko, tatizo liko kwenye laini au kwenye kumbukumbu za kampuni. Kitochi kingi kinashika 2G peke yake, kwa hiyo kinakupa jibu la kupiga na kupokea tu, la intaneti hapana.

Laini ya shangazi haikusoma kwenye kitochi. Hapo ndipo nami nilipokaribia kukubaliana na yule fundi.

Hatua ya 3: Uchaguzi wa mtandao (usiiruke)

Kila mtandao una namba yake ya utambulisho. Za Tanzania zote huanza na 640: Vodacom ni 64004, Airtel ni 64005, Halotel ni 64009. Laini yako imeandikwa ndani yake namba ya mtandao wa nyumbani, na simu hutafuta mnara unaotangaza namba hiyo.

Laini ina pia orodha ya mitandao iliyokatazwa. Simu ikigonga mlango wa mtandao mwingine ikajibiwa kwamba mtandao huo hauruhusiwi, namba ya mtandao ule huandikwa kwenye orodha, na tangu hapo simu haigongi tena yenyewe. Sasa fikiria muungano. Mnara wa kampuni ya kwanza unapozimwa kijijini, simu inajaribu mnara wa kampuni ya pili. Kama siku hiyo makubaliano ya kupokeana wateja hayajaanza kufanya kazi, inakataliwa, na kukataliwa kunaandikwa. Wiki mbili baadaye mlango umefunguliwa kwa kila mtu, lakini laini yako bado inakumbuka kwamba ilifukuzwa.

Orodha hii inakaa kwenye laini yenyewe. Ndiyo maana kuhamisha simu hakusaidii, na kuzima na kuwasha hakuifuti. Nilizima na kuwasha simu ya shangazi mara nyingi sana kabla ya kulikumbuka hili. (Kuna katazo jingine, la eneo na si la mtandao mzima, ambalo hufutika simu ikizimwa. Kwa hiyo anayekwambia "mimi nilizima tu ikakubali" anaweza kuwa anasema kweli. Jaribu hilo mara moja, lisipokubali songa mbele.)

Dawa ni kuchagua mtandao kwa mkono. Ukiuchagua mwenyewe simu hulazimika kugonga mlango, na ikipokelewa, namba ile hufutwa kwenye orodha ya waliokatazwa. Fanya hivi:

Toka nje ya nyumba. Kama simu ina laini mbili, toa ile nyingine, maana simu nyingi huchanganya matokeo ya laini mbili wakati wa kutafuta. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya laini au mitandao ya simu, ufungue uchaguzi wa mtandao. Zima ule wa kiotomatiki. Simu itaanza kutafuta. Subiri mpaka imalize, hata ikichukua dakika tatu au nne. Ukibonyeza kurudi katikati inabidi uanze upya.

Orodha ikija, majina yasikuchanganye. Jina linaloonekana linaweza kutoka kwenye laini, au kwenye programu ya simu ambayo haijasasishwa kwa miaka, kwa hiyo unaweza kukuta jina la kampuni iliyokwisha kubadilika, au tarakimu tano tupu bila jina. Tigo iligeuka Yas Novemba 2024, lakini usishangae simu ya zamani ikiendelea kuandika jina la zamani. Baadhi ya simu huandika neno la kukatazwa pembeni ya mtandao. Uchague hivyohivyo, kwa sababu ndio unaoutaka. Mtandao ukikukataa mara ya kwanza, subiri dakika kadhaa urudie. Ukikukataa mara tatu, acha, nenda hatua ya 6.

Kwa shangazi ulikubali mara ya pili. Meseji za siku nne zikaanza kuingia mfululizo, moja ikiwa ya mwanawe akiuliza kama yuko salama.

Ukishapokelewa, rudisha uchaguzi kwenye kiotomatiki. Hapa ndipo penye kosa la pili nililolikuta. Kwenye simu ya shangazi kuna mtu alishachagua mtandao kwa mkono na kuuacha umefungwa kwenye jina la zamani. Simu iliyofungwa hivyo haihami hata ikipita chini ya mnara mzuri. Kwa hiyo laini ilikuwa na katazo, na simu ilikuwa na kufuli. Kuondoa kimoja pekee kusingetosha. Kwenye kitochi mipangilio hii ipo pia, iangalie.

Hatua ya 4: Simu inapiga lakini intaneti hakuna

Tazama kama kuna herufi R karibu na alama za mtandao. Simu inadhani uko ugenini, na kama rominji ya data (ruhusa ya kutumia intaneti kwenye mtandao usio wako) imezimwa inakunyima intaneti hapohapo nyumbani kwako. Kabla ya kuiwasha, piga huduma kwa wateja uthibitishe kwamba kwa muungano wenu haitozwi kama ya nje ya nchi. Kisha waombe wakutumie mipangilio ya APN, ile inayoiunganisha simu na intaneti, kwa meseji.

Hatua ya 5: 4G haiji kabisa

Laini za kizazi cha kwanza, zilizotengenezwa kwa ajili ya 2G, haziwezi kuingia 4G hata ukinunua simu ya bei gani. Badilisha laini, namba ibaki.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani hili lilikuwa zito zaidi. T-Mobile na Sprint ziliungana Aprili 2020, na mtandao wa zamani wa Sprint wa CDMA (teknolojia ya simu iliyotangulia 4G) ukaanza kuzimwa tarehe 31 Machi 2022. Simu isiyoweza kupiga kupitia 4G haikuwa na tiba ya mipangilio. Ilibidi simu yenyewe ibadilishwe.

Usipakue programu zinazojidai kuongeza mtandao. Hakuna programu inayoweza kuongeza nguvu ya antena yako. Na usikubali fundi aifute simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Utapoteza picha na namba za watu, na ile orodha ya kwenye laini itabaki palepale.

Hatua ya 6: Kubadilisha laini

Hapa sasa nenda duka la kampuni lenyewe, si kwa wakala wa mwavuli. Nenda na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na mwenye laini awepo, maana alama za vidole ni zake. Kabla hujaondoka nyumbani piga *106# uone kama laini imesajiliwa kwa jina lake kweli. Laini nyingi za wazazi wetu zilisajiliwa na watoto. Huduma ya pesa inaweza kusimama kwa muda baada ya kubadilisha laini, basi kama kuna ada au dawa ya kulipia siku hiyo, toa fedha kwanza.

Kipindi cha muungano matapeli nao huwa kazini. Atapiga mtu aseme anatoka makao makuu, namba yako inahamishwa, mtajie namba ya siri au tarakimu zilizoingia kwa meseji. Kata simu. Shangazi alishapigiwa wa namna hiyo wiki hiyohiyo, na simu kukosa mtandao siku ya pili yake huenda ndiko kulikomwokoa. Nimemwandikia kwenye karatasi, nikaibandika nyuma ya mlango wa kabati la vyombo: huduma kwa wateja ni 100, na namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata kwangu mimi.