Kupanda mshokishoki: usianze na mbegu ya uani

Wengi hapa Unguja wakishakula shokishoki wanatupa mbegu uani halafu wanasubiri, miaka sita inapita mti unachanua vizuri tu lakini hata tunda moja huoni. Huo ni dume. Miche ya mbegu, madume yanaweza kufika hata nusu, na huwezi kuyajua mpaka yachanue, so chukua mche wa kubebesha (yaani ulioungwa juu ya shina la mche wa mbegu) unaotoka kwenye mti jike unaozaa, huo miaka mitatu minne unaanza kula.

Kwanza angalia shamba. Kama uko maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe), sahau kabisa, udongo wa chokaa unafanya majani yawe njano huku mishipa imebaki kijani, mti unadumaa tu hapo. Mshokishoki unataka udongo wenye kina, tifutifu, wenye uchachu kidogo (pH 5 mpaka 6.5 hivi), usiotuamisha maji, na mvua za kutosha. Baridi hauitaki, huko milimani juu sana usihangaike nao.

Chimba shimo sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu weka pembeni uchanganye na samadi iliyooza vizuri, mbichi itaunguza mizizi. Kutoka mti hadi mti acha mita 8 mpaka 10, najua utaona eneo linapotea, panda migomba katikati, tena inasaidia kuleta kivuli.

Panda masika yakianza. Chana kiriba (mfuko wa mche) taratibu donge lisivunjike, na pale palipoungwa pabaki juu ya udongo. Chipukizi lolote litakalotoka chini ya hapo likate, maana hilo ni la shina la mbegu.

Sasa shughuli yenyewe ni kaskazi, jua kali na upepo mkavu, ncha za majani zinaungua zinakuwa kahawia. Mche mchanga uzungushie makuti, weka matandazo mazito ila yasiguse shina, umwagilie. Hata mti mkubwa ukikosa maji wakati una matunda madogo unayapukutisha.

Kuchuma: subiri iwe nyekundu yenyewe (ipo pia aina ya njano), maana ikishachumwa haiivi tena. Usitikise tawi, tumia kigoe au kata kishada na kikonyo chake, weka kivulini upeleke sokoni siku hiyohiyo, siku mbili tatu tu nywele zinakuwa nyeusi na mteja hata ukimwambia ndani iko poa hakuelewi.