Meza ya rozari mtaani: kukutana na wapita njia Dodoma

Ninyi Wakatoliki mnaotaka kuweka meza mtaani, mgawe rozari (shanga za kusalia) bure na kuongea na wapita njia: kabla ya kununua hata rozari moja, jibuni swali hili: mtu akisimama mezani leo akasema anataka kurudi kanisani, Jumapili atapokewa na nani? Kama hamna jina la kutaja, meza isubiri. Mazungumzo ya barabarani ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Kwa hiyo anzeni na karatasi moja yenye parokia za mjini na vigango (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia), saa za Misa, na katekista (mwalimu wa dini) au kiongozi wa jumuiya (kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja) aliyekubali kupigiwa simu na mtu asiyemjua. Aliyekubali, nasisitiza. Namba iliyochukuliwa kwenye kundi la WhatsApp bila mwenyewe kuambiwa huishia kwa "nani mwenzangu?", na aliyepiga hapigi tena.

Ruhusa ya kwanza ni ya paroko, yaani padri msimamizi wa parokia, wa eneo mnalosimama, hata kama ninyi nyote mnatoka parokia nyingine. Ni kweli kanuni ya 211 ya Sheria ya Kanisa inawapa waamini wote wajibu na haki ya kuifikisha Injili kwa watu, lakini Dodoma ina wahubiri wa kila aina, na raia anayo haki ya kuuliza mmetumwa na nani. Barua yenye muhuri wa parokia ikae mezani. Ya pili ni ya mwenye mahali: ofisi ya stendi, uongozi wa soko, au serikali ya mtaa. Mkipanga kuimba, kuandamana au kukusanya watu, sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Hata kama ni meza peke yake, ni busara kuwaarifu. Inaokoa nusu saa ya kujieleza kwa mgambo.

Watu wanne hadi sita wanatosha. Wagawanyeni wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi katika Luka 10:1. Mmoja anaongea, mwenzake anasali kimoyomoyo na kuangalia pembeni, na akiona mwenzake ameanza kuhutubia, anamgusa kiwiko. Wakiwemo mama wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) na kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki), kila mpita njia atamkuta mtu wa rika lake. Wote wasimame kando ya meza, si nyuma yake. Ukisimama nyuma unafanana na muuza duka, na watu wataanza kuuliza bei.

Vifaa ni vichache: meza ya urefu wa mita moja hivi, kitambaa, bakuli la rozari, medali kidogo, vipeperushi vya namna ya kusali rozari, Biblia yenye vitabu 73, daftari, kalamu mbili na maji ya kunywa. Kwa saa mbili, rozari 50 zinatosha, maana lengo ni kuongea na mtu, si kumaliza bakuli. Chagueni za uzi. Za mnyororo mwembamba hukatika mfukoni, na mtu akirudi nyumbani na punje 40 badala ya 59 atadhani alipewa takataka. Padri azibariki mapema, na zisiuzwe kamwe. Hata anayelazimisha kutoa shilingi mia tano arudishiwe kwa upole, kwa sababu pesa ikionekana mezani, wanaopita wanahesabu kwamba mnachangisha.

Kinachowashinda wageni ni upepo. Kati ya Juni na Agosti Dodoma huvuma kweli: bango la kusimama linalala chali na vipeperushi vinaishia chini ya basi. Bango lifungwe mbele ya meza kwa kamba pande zote nne, na karatasi ziwekewe mawe (mawe hapa si haba). Maneno yawe machache: "Rozari bure. Una swali kuhusu Kanisa Katoliki? Karibu." Msiandike vitisho vya moto wa milele, vinawaleta wabishi na kuwafukuza waliochoka.

Kipaza sauti kiachwe parokiani. Watu wa nchi hii wameizoea mihadhara ya dini, Biblia huku na Qurani kule, umati ukishangilia. Wakisikia spika watakuja kutazama mchezo, na mtu mwenye jambo moyoni hatalisema mbele ya watazamaji.

Mahali pazuri ni pale watu wanapongoja tayari. Stendi Kuu ya Nanenane, abiria aliyeketi juu ya begi ana dakika kumi. Anayekimbilia basi hana hata moja. Nyerere Square ni nzuri kuanzia saa kumi jioni, jua likipungua makali. Soko la Majengo lina watu wengi, ila njia ni nyembamba, na mkiziba kizimba cha mtu mmemharibia riziki. Epukeni jua la saa sita, na Ijumaa mchana msiweke meza karibu na msikiti.

Sasa kuanza. Kwa mkubwa ni shikamoo, bila mkato. Kwa kundi la wazee wa Kigogo, salamu yao "Mbukwenyi" hukunjua nyuso, mradi usijifanye unakijua Kigogo kumbe umeishia hapo. Halafu sentensi moja tu: "Shikamoo mama. Tunagawa rozari, ni bure. Ungependa moja?" Akikataa: "Haya mama, safari njema," na umwache. Usimfuate hata hatua mbili. Akipokea, muulize kama anajua kuisali, kisha swali ambalo kila Mtanzania amelizoea: "Unasali wapi?" Hapo nyamaza. Wengi wetu tunaharibu hapa, tunajaza ukimya kwa mafundisho, wakati ndio kwanza mtu anatafuta maneno.

Tuseme ni kijana wa bodaboda, kofia ngumu kaishika mkononi:

"Mimi Mkatoliki, ila nimetengwa."

"Pole kaka. Ilikuwaje?"

"Naishi na mama watoto, ndoa hatujafunga. Jumuiya sijakanyaga mwaka wa nne sasa. Na mzee alipofariki, wakauliza kwanza kadi ya zaka, kama tumelipa."

Majibu mawili yanaua mazungumzo haya. La kwanza ni "utaratibu ni utaratibu". La pili ni kuwasema viongozi wa jumuiya ile ili umfurahishe. Hujui upande wao, na kesho unamtuma kwao hao hao. Sema: "Hilo la msiba limekuumiza." Mwache amalize. Ndipo umweleze asichoambiwa na mtu: kuishi bila ndoa ya Kanisa kunamzuia kupokea Komunyo, hakumzuii kuingia Misa, kusali, wala kuwapeleka watoto mafundisho. Suala la ndoa usilitatue barabarani. Pengine kuna kizuizi, pengine mmoja wao alishafunga ndoa kwingine. Hayo ni ya paroko. Wewe uliza tu: "Nikupe namba ya katekista wa mtaani kwako, au yeye akupigie?"

Maswali yatakayokuja ni yale yale, kwa hiyo yaandaliwe majibu yasiyozidi dakika moja. "Umeokoka?" Jibu: nimeokolewa katika ubatizo, naendelea kuokolewa, na natumaini kuokoka mwisho kwa neema ya Mungu. "Mbona mnaabudu Maria?" Kuabudu ni kwa Mungu peke yake, Maria tunamheshimu na kumwomba atuombee. "Kwa nini mnaungama kwa mtu?" Fungua Yohane 20:22-23, mpe asome mwenyewe kwa sauti yake. Usichokijua, sema hukijui na uandike swali daftarini.

Mwanglikana au Mlutheri akiuliza kuhusu kujiunga, msimwambie atabatizwa upya. Aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu habatizwi mara ya pili, na kosa hili mjini hapa, penye Waanglikana wengi, linaudhi familia nzima. Mwislamu asalimiwe kwa heshima kama jirani; asisukumiwe rozari. Akiuliza tunaamini nini, mwelezeni imani yetu bila kuigusa yake. Kanuni ya 748 inakataza kumlazimisha mtu yeyote kuipokea imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake.

Mbishi akija, mtamjua: haulizi, anasubiri zamu ya kusema. Watu watatu wakishajipanga nyuma yake, mhadhara umeanza hata bila spika. Punguza sauti, kaa kwenye kiti, mwambie: "Kaka, hili ni refu, njoo tulizungumze pembeni." Mwenzako ahamie kwa wale watatu awape vipeperushi. Umati ukipungua, naye hupoa.

Wengine watataka maombi: ugonjwa, ajira, au "nimerogwa". Ombeni ruhusa, salini kwa dakika moja kwa sauti ya kawaida, mmalize na Baba Yetu. Msimshike kichwa. Msikemee pepo, kufukuza pepo rasmi kunahitaji padri mwenye kibali cha askofu, kadiri ya kanuni ya 1172. Na mtu asiambiwe kamwe aache dozi ya ARV au ya kifua kikuu kwa sababu ameombewa. Anayeomba nauli au chakula apelekwe Caritas ya parokia (huduma ya Kanisa kwa wahitaji), kama ipo. Mkianza kutoa pesa mezani, wiki ijayo foleni itakuwa ya pesa. Watoto walio peke yao wasalimiwe tu, bila kupigwa picha wala kuandikwa majina.

Daftarini andikeni mambo manne, kwa idhini ya mtu: jina alilotaka kuitwa, simu, mtaa, na ombi lake kwa mstari mmoja. Dini ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo ukurasa usipigwe picha wala kurushwa kwenye kundi. Jioni ile ile kila jina likabidhiwe kwa katekista mmoja, kwa mdomo, pamoja na lile ombi, ili asianze kwa kumuuliza mtu kadi ya zaka. Mtu apigiwe kabla ya siku mbili kupita. Jumapili, mmoja wa wale aliokutana nao mezani amsubiri mlangoni pa kanisa, maana hiyo ndiyo sura pekee anayoifahamu. Baada ya hapo ukurasa uchanwe na uchomwe.