Kufufua kisima cha mtaa: anza na choo, pampu baadaye

Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na mabomba ya Dar es Salaam yakaanza kukohoa upepo, simu yangu haikupoa. Mimi ni fundi pampu, Temeke. Karibu kila aliyepiga aliuliza kitu kimoja: "Fundi, pampu ya hosipawa moja bei gani?" Watu walikuwa wamekumbuka visima vyao, vile walivyovifunika kwa bati na matairi tangu bomba lilipofika. Nikawa nawajibu kwamba pampu inanunuliwa mwisho. Wengi wakaona nawacheleweshea. Wakanunua, wakazamisha, wakavuta maji yananuka.

Nitakueleza kwa kisima kimoja nilichokishika tangu mwanzo, kiko uani kwa msikiti. Kina chake futi 38, upana mita 1.2, ringi za zege, na kilikuwa kimekaa zaidi ya miaka kumi bila kuchotwa.

Siku ya kwanza sikugusa hata mfuniko. Nilishika futi nikazunguka nyumba za jirani: choo kiko wapi, shimo limechimbwa lini, maji ya kuogea yanaelekea upande gani. Umbali tunaoutaka ni mita 30 kutoka choo cha shimo. Uswahilini kuupata ni bahati. Pale tulikuta choo mita 11, tena upande wa juu wa mteremko. Bibi mmoja aliyekuwa anatwanga kisamvu akanitazama weee, mwisho akasema: "Mwanangu, mnadhani kisima hiki kiliachwa kwa sababu ya bomba? Watu waliharisha hapa." Hilo hulikuti kwenye karatasi ya ofisi yoyote, kwa hiyo kabla ya kazi waamkie wazee, kaa kitako, uwaulize kisima kiliachwa kwa nini.

Mwenye nyumba alikubali choo kinyonywe, kifukiwe, kichimbwe kingine upande wa chini. Gharama yake ilizidi ya pampu, na hapo ndipo kamati nyingi hukata tamaa. Kama choo hakihamishiki, mimi nashauri kisima kibaki cha kufulia na kupiga deki, na kiandikwe kwa rangi kubwa: MAJI HAYA SI YA KUNYWA.

Jambo la pili ni maandishi. Kisima kile ni cha wakfu, na sheikh alisema wazi kwamba maji hayauzwi. Tukakubaliana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: maji ya kutawadha bure, na anayejaza ndoo ya lita 20 anachangia shilingi 50 za umeme na klorini. Ikaandikwa, ikasainiwa. Nimeona kisima kinafufuliwa kwa michango ya mtaa mzima, mwaka haujaisha mwenye kiwanja kakijengea ukuta. Na ukishaanza kuhudumia mtaa, fika Bodi ya Maji ya Bonde lako uulizie kibali cha kutumia maji. Kwetu ni Bonde la Wami/Ruvu.

Sasa kufungua. Hapa nisikilize vizuri, maana visima vilivyofungwa muda mrefu vinaua. Ondoa mfuniko, kiache wazi siku nzima, halafu teremsha mshumaa ndani ya ndoo mpaka karibu na maji. Ukizimika, hakuna hewa, asishuke mtu. Lakini ukiendelea kuwaka usijione umesalimika: moshi wa injini ya petroli hauuzimi mshumaa, unamzima mtu. Injini ya petroli isiingie kisimani wala isikae mdomoni pake. Anayeshuka afungwe kamba kifuani, na juu wawepo watu wawili wenye nguvu. Akilegea, mvuteni. Asimfuate mtu. Mimi siku hizi kazi nyingi naifanya kwa ndoo na kulabu kutoka juu. Tulitoa viatu, chupa, na godoro zima la mtoto.

Tukakikomba maji na tope, tukaziba nyufa za ringi tatu za juu kwa saruji, kwa sababu uchafu mwingi hupenya hapo, si chini. Tukamwaga sakafu ya zege kukizunguka, yenye mfereji wa kupeleka maji mbali.

Klorini haitiwi kwa kukisia. Pima kina cha maji, siyo cha kisima. Yetu yalisimama mita 3. Nusu ya upana ni 0.6, kwa hiyo 0.6 mara 0.6 mara 3.14 mara 3, unapata kama mita za ujazo 3.4, yaani lita 3,400. Kwa klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, nusu kilo inakupa karibu miligramu 100 kwa lita, na hiyo ndiyo dozi ya kuua. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, unga uende ndani ya maji, usimwagie unga maji. Mwagia kuta pande zote kutoka juu, funika saa 24, kisha vuta maji uyamwage mpaka harufu iishe. Usiyaelekeze kwenye bustani ya mtu.

Kuna ujanja mmoja wa mafundi siupendi: kuchukua sampuli kesho yake, klorini ingali ndani, ili jibu litoke safi. Subiri wiki, ndipo upeleke chupa maabara ya maji, ndani ya barafu, siku hiyohiyo. Vijidudu vya kinyesi, E. koli, vinatakiwa sifuri katika mililita 100. Na usisahau kuomba kipimo cha naitreti. Hiyo hutokana na vyoo, klorini haiigusi, na kuichemsha ni kuizidisha ukali maji yakipungua. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na hatari kubwa ni kwa vichanga wanaokorogewa maziwa. Sisi tulipata 41. Tulipita, kwa tabu.

Halafu chumvi. Nilifanya kosa langu mwenyewe: nilivuta saa sita mfululizo kujaribu nguvu ya kisima. Kipimo cha chumvi kilianza miligramu 480 kwa lita, kikaishia 1,300, na maji juu ya 1,000 mdomo unayakataa. Pwani maji baridi huelea juu ya maji chumvi. Ukivuta kwa pupa, ya chini yanapanda. Tukakipumzisha siku mbili, yakarudi 500. Ndipo nikajua pampu gani inafaa: ndogo ya nusu hosipawa, imening'inizwa mita moja na nusu chini ya uso wa maji, inavuta kwa muda wa saa mbili alfajiri na saa mbili nyingine jioni, kujaza simtanki la lita 5,000.

Kila tanki linapojaa tunatia gramu 15 za unga uleule, tunangoja nusu saa, tunapima kwa vidonge vya rangi. Klorini iliyobaki ikisoma miligramu 0.5 kwa lita au zaidi bomba linafunguliwa. Ikisoma chini ya hapo tunaongeza, watu wapige foleni wanune. Anayepima anaandika kwenye daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni, na kijana wa zamu akisahau, yule bibi wa kisamvu humtuma mjukuu kumwita.

Masika yakianza kunyesha, sampuli inarudi maabara, na mimi narudi na futi yangu kuangalia kama kuna aliyechimba choo kipya.