Rangi kwenye terminali: anza na namna ya kuzizima

Kabla programu yako haijatoa hata neno moja jekundu, andika funksheni ya kuamua kama rangi zinaruhusiwa. Mimi huiita rangi_ruksa, na kila sehemu ya programu huiuliza hiyo hiyo. Nikikuta misimbo ya rangi imetapakaa kwenye kila printf, nafunga faili.

Neno la mwisho ni la mtumiaji: mpe chaguo la --color lenye always, never na auto, kama grep (programu ya kutafuta maneno kwenye mafaili) ilivyo nalo. Kwenye auto, zima rangi ikiwa kigeu cha mazingira NO_COLOR kimewekwa na si kitupu, au TERM (kigeu kinachotaja aina ya terminali) ikiwa dumb, yaani terminali isiyojua rangi. Halafu ita funksheni ya isatty ujue kama matokeo yanakwenda kwenye skrini au kwenye faili. Hapa ndipo wengi huteleza: wanapima stdout (mkondo wa matokeo ya kawaida), kisha wanapaka rangi makosa yanayopitia stderr (mkondo wa makosa). Pima kila mkondo peke yake. Mtu akielekeza makosa tu kwenye faili la kumbukumbu, atalikuta limejaa ^[[31m (msimbo wa nyekundu ukiwa maandishi tu), na kulichuja ni adhabu.

Kupaka kwenyewe ni kazi ndogo. Ni herufi ya escape (namba 27, katika C \033), kisha [31m kwa nyekundu, [32m kwa kijani, na [0m ya kurudisha hali ya kawaida:

printf("\033[31m%s\033[0m\n", ujumbe);

Ukichora jedwali, jaza nafasi kwanza ndipo upake rangi. Misimbo haionekani lakini printf huihesabu kama herufi, na safu zitapinda.

Konsoli ya Windows 10 na za baadaye huielewa misimbo hii, ila huenda ukahitaji kuiwasha kwa SetConsoleMode na ENABLE_VIRTUAL_TERMINAL_PROCESSING. Ikigoma, rangi_ruksa ijibu hapana, basi.

Kuhusu rangi zenyewe, bakia kwenye zile 16 za msingi, ambazo mtumiaji huzipanga mwenyewe kwenye terminali yake. Usiguse rangi ya nyuma. Njano inapotea kwenye skrini nyeupe, na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo neno "KOSA:" libaki palepale hata ukilipaka.

Mwisho, jaribu hivi; cat -v huonyesha herufi ya escape kama ^[:

./programu 2>&1 | cat -v

Ukiona ^[ popote, kuna mahali umeiruka rangi_ruksa.