Kula na kunywa ukiwa na ileostomia: wiki nane za kwanza

Kwanza jua tundu lako la tumboni, lile linalotoa choo kwenye mfuko uliobandikwa juu yake, ni la aina gani. Mwenye kolostomia bado ana sehemu ya utumbo mpana, hivyo anahitaji maji na mboga asifunge choo. Maelezo haya ni ya ileostomia, ambapo utumbo mwembamba ndio umetolewa nje, na ile kazi ya utumbo mpana ya kufyonza maji na chumvi imekosa mwenyewe.

1. Pima kinachotoka. Tenga jagi la plastiki lenye alama za mililita, lisiingie jikoni kamwe. Mwaga mfuko humo, andika, ujumlishe kwa saa 24. Mililita 500 hadi 800, nzito kama uji, ni sawa. Zikizidi 1,500, au mkojo ukiwa haba na mweusi kama strungi, unaishiwa maji: wasiliana na kliniki siku hiyohiyo.

2. Kunywa chenye chumvi. Hapa ndipo wengi huteleza. Jua la Kisumu likiwaka na mfuko ukijaa majimaji, mtu hugugumia maji matupu. Maji hayo huvuta chumvi ya mwili hadi kwenye utumbo, yakatoka nayo, na kiu ikazidi. Soda na juisi tamu nazo huongeza majimaji kwa sababu ya sukari nyingi. Tumia ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya duka la dawa, ukisoma pakiti: kuna za nusu lita na za lita. Ikikosekana, koroga katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa: sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, si vya kufura. Kunywa kidogo kidogo. Yatakayobaki baada ya saa 24 mwaga. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari kwanza.

3. Kula kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, ukitafuna hadi chakula kiwe rojo. Ugali wa unga uliokobolewa, wali, ndizi mbivu na viazi vilivyomenywa huongeza uzito wa kinachotoka. Ngege au mbuta bila miiba, mayai na kuku bila ngozi ni sawa. Unga wa posho mill usiokobolewa na uji wa wimbi vingoje. Githeri ndiyo hatari kubwa: ganda la punje ya mahindi halimeng'enywi, hukusanyika na kuziba pale utumbo unapopenya ukuta wa tumbo. Mahindi choma, karanga nzima, miwa na nyuzi nyeupe za chungwa ni ndugu zake. Sukuma na managu zikiliwa ziwe majani tu, bila vijiti, zilizokatwakatwa na kuiva hasa. Omena haina ubaya ila harufu mfukoni.

Wiki nane zikiisha, rudisha chakula kimoja kimoja, kila baada ya siku mbili tatu. Ukirudisha vitatu pamoja hutajua kipi kilikukera.

4. Mfuko ukikauka na tumbo likisokota, acha vyakula vigumu, kunja magoti kifuani, kanda tumbo taratibu. Ukitapika, au saa 4 hadi 6 zikipita bila kitu, nenda hospitali hata kama ni usiku. Usimeze dawa ya kukufanya uharishe, na atakayekuletea ya "kusafisha tumbo" mkatalie.

Ukikuta kidonge kizima mfukoni, mwonyeshe mfamasia; huenda ganda lake halipati muda wa kuyeyuka.