SOMO: Kuonja na kupima mvinyo wa maeneo na miaka tofauti (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki bila mtu kunifuata faragha: "Mkuu, unajuaje huu ni mvinyo mzuri na ule ni wa kawaida?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Leo naandika mara moja, atakayerudia nitamtumia somo hili nimalize. Nipo kwenye vinywaji hotelini hapa Dar mwaka wa 12 sasa, nilianza kwa kufuta glasi. Sijui kila kitu. Ila haya nimeyafanya kwa mikono yangu, na moja niliboronga mbele za watu. Mtalikuta hatua ya 3.

1. Glasi. Zote za aina moja, tumbo pana, mdomo mwembamba. Inuse ikiwa tupu. Ikinuka sabuni au kabati, isuuze.

2. Pua. Siku hiyo hakuna manukato, hakuna udi, na usionjee karibu na jiko la vitunguu.

3. Joto. Hapa tulieni.

Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba". Mimi nikaamini. Februari moja tulikuwa na wageni sita wa kuonja, nikapanga chupa mezani tangu saa nane mchana, zimependeza kweli. Saa kumi na mbili naanza na Châteauneuf-du-Pape, mvinyo wa kusini mwa Ufaransa wenye kileo cha asilimia 14.5. Nikanusa, pua ikachomwa kama nimefungua spiriti. Nikaonja, tunda limelegea kama jamu. Nikaandika: "kileo kimezidi, hauna mizani, 11 kati ya 20," nikakisoma kwa sauti. Mzee mmoja kati ya wageni akashika shingo ya chupa, akacheka kidogo, akaomba ndoo ya barafu. Baada ya robo saa akanimiminia tena. Ilikuwa chupa ileile, lakini sasa napata pilipili manga, majani makavu ya porini, tunda limesimama wima. Ilibidi nifute maksi zangu wakinitazama. Kesho yake nikapima chupa iliyokaa pale mezani: nyuzi 29.

Chumba kinachosemwa vitabuni ni chumba cha mawe cha Ulaya, enzi hakuna vipasha joto. Hakiko Sinza hapa Dar. Kwa hiyo:

Mwekundu mzito, nyuzi 15 hadi 18. Mwekundu mwepesi kama Pinot Noir, 13 hivi. Mweupe wenye mwili, yaani mzito, 10 hadi 13; mweupe mwepesi na wenye mapovu, 6 hadi 10. Nunua kipimajoto cha jikoni, acha kukisia kwa kiganja. Mimi mwekundu naumimina ukiwa 15, maana kwa hali yetu ukimaliza kunusa umeshafika 18.

Angalizo la kwanza: barafu tupu haipozi haraka, changanya nusu barafu nusu maji. Chupa ya nyuzi 30 inahitaji dakika 10 hadi 15 tu humo. Kwenye friji ya nyumbani ni saa nzima na zaidi. La pili: usivuke mpaka upande wa pili. Mwekundu ukitoka friji moja kwa moja harufu inajificha na ukakasi unakuwa mkali, utaulaumu bure vilevile. La tatu, na hili watu wanalichanganya: mvinyo uliopata joto leo mezani unaponyeka kwa barafu, lakini uliochemkia kwenye kontena au stoo ya mabati umeshaungua. Tazama kizibo kama kimesukumwa juu au kuna michirizi iliyokauka shingoni. Huo hata ukiupoza utanuka matunda yaliyopikwa. Usiupe maksi, rudisha.

4. Mpangilio. Mweupe kabla ya mwekundu, mwepesi kabla ya mzito, mkavu kabla ya mtamu.

5. Funika chupa. Natumia soksi ndefu za mpira wa miguu, namba kwa chaki. Usiniambie wewe lebo haikudanganyi. Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo Paris, aliwapa majaji Wafaransa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha chupa. Upande wa wekundu uliongoza Stag's Leap Wine Cellars wa 1973, weupe Chateau Montelena wa 1973, zote za California. Na watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha mwaka 2001 jaribio la wanafunzi 54 wa mvinyo: waliwapa mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao ndiyo wasomi wenyewe. Mimi na wewe je?

6. Tazama. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mwekundu mchanga una ukingo wa zambarau, mzee unaelekea rangi ya tofali. Mweupe kinyume chake, kadiri unavyozeeka unakolea dhahabu. Rangi hafifu si udhaifu: Barolo, mwekundu wa Italia, ni hafifu halafu ina ukakasi wa kukunja uso.

7. Nusa. Mara moja kabla ya kuzungusha, mara ya pili baada ya kuzungusha. Andika cha kwanza kinachokujia, kwa lugha ya jikoni kwenu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naandika jina la tunda moja jeusi la Ulaya ambalo sijawahi hata kuliona, kisa kitabu kinasema Cabernet Sauvignon, zabibu ya mvinyo mwekundu, inalinuka. Siku nikaandika "zambarau" ndipo nilipoanza kuitambua Cabernet hata gizani. Riesling, mweupe wa Ujerumani, iliyokaa chupani inanuka mafuta ya taa. Sisi tuliokua na kibatari hatuhitaji kufundishwa. Cabernet ya mwaka wa baridi ina hoho mbichi. Pauillac, mwekundu wa Bordeaux, penseli iliyochongwa. Rioja ya Hispania ya zamani iliyolala kwenye mapipa ya mwaloni wa Kimarekani, nazi na vanila. Barolo, waridi na lami.

Ukipata boksi lililoloweshwa na mvua au tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo, simama. Hiyo si "harufu ya udongo wa kwao", ni kizibo kimeharibu mvinyo. Haudhuru mwili, lakini mvinyo umekufa.

8. Onja. Fundo dogo, vuta hewa kidogo kama unapoza chai, zungusha mdomo mzima, tema. Ndiyo, tema. Uchachu utaujua kwa mate yanayojaa pembeni mwa ulimi. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi, unakausha fizi. Kileo kinachoma kooni. Uzito, fikiria tofauti ya maji na maziwa. Ukishatema, hesabu sekunde ladha nzuri inakaa muda gani. Nasema nzuri, maana uchungu nao hukaa.

9. Amua. Maswali manne: vitu vyote vina mizani? Ladha ina nguvu? Kuna tabaka, au ni kitu kimoja tu mwanzo mwisho? Inakaa? Ikipata yote manne ni mvinyo wa hali ya juu hata kama wewe binafsi huupendi. Andika, KISHA vua soksi.

Kuhusu mwaka wa kwenye lebo, yaani mwaka zabibu zilipovunwa: usikariri majedwali ya miaka mizuri na mibaya. Mwaka ni hali ya hewa tu. Kuna mgeni alituletea Pauillac mbili za shamba moja, 2010 na 2013. Mwaka 2010 Bordeaux ilikuwa na kiangazi kikavu na usiku wa baridi, mvinyo wake ulikuwa umejaa kila kitu, tunda, uchachu, ukakasi, na bado umefunga ngumi. 2013 ilikuwa baridi na mvua, maua yalishika vibaya, watu wakavuna wakikimbia kuoza. Ilikuwa nyepesi, na hoho yake. Lakini pale mezani ndiyo iliyoisha kwanza, kwa sababu ilikuwa tayari kunyweka. Kupima ubora na kuchagua cha kunywa usiku huu ni kazi mbili tofauti.

Karibuni kwa maswali. Ya maana.

---

BabaJay: Mkuu mbona ndefu hivyo. Nitajie tu mvinyo mmoja bora wa elfu 30.

Kizibuo: Somo ni la kuonja, si la kununua.

BabaJay: Lakini kuna chupa zina stika ya pointi 92. Si inatosha?

Kizibuo: 92 za nani? Ile skeli ya 100 aliyoitangaza Robert Parker, mkosoaji wa mvinyo Mmarekani, inaanzia 50, kwa hiyo 80 siyo sifa kubwa unavyodhani. Jancis Robinson, mkosoaji Mwingereza, yeye anatoa maksi kwa 20. Hayo ni maoni ya mtu mmoja siku moja. Kama stika inakutosha, hukuwa na haja ya kuniuliza.

Masaki_Nights: Mimi naweka vipande vya barafu kwenye glasi ya Cabernet, tofauti na barafu yako ni ipi?

Kizibuo: Yangu iko nje ya chupa. Hatua ya 3.

Ngong_Road: Asante kwa somo. Nina divai mbili za 2015, Bordeaux na Stellenbosch ya Afrika Kusini. Niliposoma lebo nikadhani zina umri sawa, lakini ya Stellenbosch inaonekana imekomaa zaidi. Ni macho yangu ama?

Kizibuo: Ndugu, swali kama hili ndilo lililonifanya niandike. Macho yako yako sawa, angalau nusu. Kusini mwa dunia wanavuna kati ya Februari na Aprili, Bordeaux Septemba na Oktoba. Kwa hiyo zabibu zako za Stellenbosch zilitangulia kuingia kwenye tangi kwa karibu nusu mwaka. Nusu ya pili ni jua: tunda limeiva zaidi, ukakasi laini, kwa hiyo unafunguka mapema. Umebahatika pia, 2015 unahesabika miongoni mwa miaka mizuri sana ya Afrika Kusini. Zifunike, zionje zikiwa nyuzi 17 zote mbili, na utafute hoho na penseli. Ukikosea ni ipi, usione aibu, mimi hukosea.

Shemeji wa Bihawana: Mbona Dodoma umeiruka? Huku tunavuna mara mbili, Machi halafu Agosti hadi Septemba. Mwaka wa lebo una maana gani kwetu?

Kizibuo: Umenibana vizuri, shemeji. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, ndiyo maana mwaka mmoja ni mvuno mmoja. Kwenu haulali, mkipogolea unaanza upya. Kwa hiyo mwaka peke yake haunitoshi, nataka kujua ni mvuno upi. Wewe uliye shambani unaonaje?

Shemeji wa Bihawana: Ya Machi inapambana na mvua, ukungu unatutoa machozi. Ya kiangazi ni kavu, sukari inapanda. Nikila tu zabibu yenyewe najua.

Kizibuo: Basi hilo ningelitaka liandikwe kwenye lebo. Ukija Dar njoo na chupa moja ya kila mvuno, soksi ninazo.

Pwani Mchangani: Asalaam aleykum kaka. Mimi nahudumu hotelini huku Unguja, ni Muislamu, mvinyo sinywi wala sitii mdomoni. Mgeni akisema chupa mbovu nakuwa sina la kusema. Naweza kujifunza chochote?

Kizibuo: Waaleykum salaam mdogo wangu. Mipaka ya imani yako unaijua wewe, mimi sikusogezi. Ila kazi kubwa ya hatua ya 3, 6 na 7 haihitaji mdomo. Kizibo kilichoharibika unakikamata kwa pua. Uliogeuka siki, kwa pua. Ulioungua, macho na pua. Mgeni akilalamika, mwombe ruhusa uimimine kidogo kwenye glasi safi, nusa, kisha fungua nyingine ya aina hiyohiyo unuse zikiwa pamoja, tofauti itajisema. Na wewe una mtaji ambao watu wengi hawana: umekulia kwenye karafuu, hiliki na mdalasini. Kila ukipita jikoni funga macho unuse kopo moja utaje. Fanya miezi mitatu uone.

Pwani Mchangani: Nimeanza leo. Mdalasini na karafuu nimezipata, hiliki na kungumanga nimekosa.

Kizibuo: Kungumanga hata mimi hunisumbua.

mama_Tumaini: Kaka, mume wangu ameletewa chupa kuukuu, chini kuna matope. Imeharibika?

Kizibuo: Hapana dada, hayo ni mashapo, mwekundu ukizeeka huyatoa. Isimamishe wima siku nzima kabla. Ukiifungua usikurupuke, kizibo cha zamani hukatika. Mimina polepole kwenye jagi la kioo bila kuirudisha wima, tochi ya simu iwake chini ya shingo. Ukiona wingu jeusi linafika shingoni, acha. Na msiuache kwenye jagi masaa, mvinyo mzee ukipigwa na hewa sana unazima.

mama_Tumaini: Na lile jagi, waa jekundu chini halitoki, mkono haupiti.

Kizibuo: Kiganja kimoja cha mchele mbichi, maji ya vuguvugu, tikisa kwa kuzungusha. Suuza mara tatu, lipindue likauke. Sabuni usitie.

BabaJay: Mchele wa aina gani mkuu?

Kizibuo: Wowote, BabaJay. Wowote.